Tulipeni na siku za kusikiliza, sio siku ya igizo tu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee kazi yangu, maana nikisema naishi kwa maigizo ya jamii, yaani yale tunayowachezea watu kuhusu matatizo yao wenyewe, watu wanauliza sawa, lakini kazi hasa unafanya wapi. Ndio hii, mwaka wa 11 sasa, na vijana wengi wananifuata wanataka kuingia wakidhani ukijua kuigiza imetosha.

Tatizo linaanzia kwa wanaotupa kazi. Shirika linakuja na ujumbe wake mkononi, linataka igizo la dakika 40, onyesho Ijumaa, ripoti na picha Jumatatu. Bajeti ina nauli, spika, fulana za mradi na posho ya siku moja tu, lakini siku za kukaa na watu uwasikilize hazimo kabisa. Niliwahi kukubali kazi ya hivyo, igizo la wasichana kuacha shule, tukawaonyesha wazazi wagumu wasiotaka kusomesha, watu wakacheka wakapiga makofi, halafu mama mmoja akanivuta pembeni akasema mwanangu mmecheza vizuri, ila hapa kwetu mabinti wanaacha shule kwa sababu ya ile njia, wanaogopa kurudi giza limeingia. Niliona aibu sana, maana hata siku mbili za kuuliza zingetosha kujua hilo.

Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo kutoka Brazil, yalimkuta karibu na hayo akiwa Peru miaka ya 1970. Mama mmoja kwenye watazamaji alishauri mhusika afanye nini, waigizaji wakajaribu wee, mama anazidi kukasirika hawamwelewi, mpaka Boal akamwambia panda uonyeshe mwenyewe. Kuanzia hapo ikakua ile staili ya kulirudia igizo, mtazamaji analisimamisha, anachukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia yake. Baadaye Boal akawa diwani Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, na yaliyotoka kwenye maigizo ya wananchi yakazaa sheria 13. Na kwenye kijiji cha Kamiriithu, Kenya, mwaka 1977 mazoezi ya igizo yalifanyika mbele ya wanakijiji kwa miezi, wanasahihisha maneno, wanasahihisha hata miondoko, na igizo likawa lao kweli, ndio maana serikali ililizuia.

Sasa kijana anayetaka kuishi kwa kazi hii ajifunze uwezeshaji, yaani kuuliza swali kisha kunyamaza, hili ni gumu kuliko kuigiza. Ajue kuandika andiko la mradi na bajeti, na siku za utafiti zikae kwenye mstari wake pamoja na safari ya kurudi baada ya miezi mitatu kuona kama kuna kilichobadilika. Na kabla ya onyesho ajue nesi ni nani na mshauri ni nani pale, kwa sababu kuna siku mtu atapanda jukwaani aanze kuigiza halafu ghafla anasimulia yaliyompata mwenyewe, analia, na wewe huwezi kumwacha hapo ukapakia spika ukaondoka.

Kikundi chetu siku hizi hatupokei kazi isiyo na siku tano za kusikiliza. Tumeshapoteza kazi mbili kwa msimamo huo na inauma, wasanii wana familia. Ndio maana nawaomba wafadhili wanaosoma hapa, zile pesa za fulana ziwekeni kwenye hizo siku tano.

Msanii wa maigizo ya jamii