Damu ya mgonjwa wa figo haipimwi kwa namba moja

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu wagonjwa wa figo wanaoishiwa damu imetuudhi sisi tunaoshinda maabara. Miaka yote tumezisoma habari za namna hiyo tukanyamaza, lakini kumwambia mgonjwa wa dialisisi, yaani anayesafishwa damu kwa mashine, ameze vidonge vya kuongeza damu na kunywa juisi ya bitiruti na maji ya matembele, basi, hapana.

Ni kweli figo ndizo zinazotoa eritropoietini, homoni inayouamsha uboho utengeneze chembe nyekundu. Wengi wakishafika hapo hufunga faili. Mwanamume mwenye himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke chini ya 12, bado atafutiwe sababu: picha kamili ya damu, hesabu ya chembe nyekundu changa, feritini (protini inayohifadhi chuma), asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma) iliyobeba chuma, vitamini B12 na foleti. Kwetu huku apimwe pia choo kutafuta safura, na selimundu isisahaulike.

Iko fomu iliyosomeka hivi: feritini 620, na pembeni mtu kaandika kwa wino mwekundu, "Chuma kingi, asipewe." Mistari miwili chini yake, chuma cha kwenye damu 6, uwezo wa damu kubeba chuma 40. Gawa 6 kwa 40, unapata asilimia 15, wakati chini ya 20 ni dalili kwamba uboho haupati chuma. Feritini hupanda yenyewe mwili unapopambana na maambukizi, na mgonjwa huyo alikuwa na mpira wa dialisisi shingoni unaotoa usaha! Chuma kilikuwepo, ila kimefungiwa ghalani. Ilitakiwa damu ioteshwe maabara kutafuta vijidudu, maambukizi yatibiwe kwanza, ndipo chuma cha mshipani kifikiriwe. Badala yake akaongezewa dozi ya sindano za eritropoietini, ambazo ni ghali na bila chuma hazifui dafu, na ziliposhindwa akatundikiwa damu. Damu ya mtu mwingine inaweza kumjengea kingamwili zitakazoikataa figo ya kupandikizwa. Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017. Kwa nini tumfungie mtu mlango huo kwa hesabu ya kugawanya?

Uchukuaji wa sampuli nao ni balaa. Damu ikitolewa baada ya dialisisi, maji yameshapungua mwilini, himoglobini inaonekana imepanda. Ikivutwa kwenye mpira wenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kipimo cha kuganda kinarefuka na mgonjwa anapewa ugonjwa asio nao. Mwingine anatoka damu kwenye fizi, anaambiwa yuko salama kwa kuwa chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, ni 210, hesabu ya kawaida. Sumu za figo huzizuia zisishikamane, na hesabu haionyeshi hilo.

Fomu za maabara ziongezwe mistari minne: damu imetolewa kabla au baada ya dialisisi, imetoka kwenye mshipa au mpira, tarehe ya chuma cha mshipani cha mwisho, maana kabla ya wiki kupita majibu hupotosha, na tarehe ya mwisho ya kuongezewa damu. Isiyojazwa irudishwe wodini.

Nanyi sahihisheni habari ya bitiruti na matembele katika toleo lijalo, ukurasa uleule. Vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi kwa mgonjwa wa dialisisi husimamisha moyo.

Mtaalamu wa maabara,
Dar es Salaam