Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: viwanja vya Mtwara visitutenge

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mi ni mpangaji tu hapa Mtwara mjini, sina kiwanja wala shemeji wizarani, ila nna neno kuhusu hivi viwanja vinavyopimwa pembezoni mwa mji. Mchoro ukitoka ni yale yale, huku ujazo mdogo, viwanja vikubwa vya wenye nazo, kule ujazo mkubwa, vya sie wengine. Sasa hapa kwetu mwenye hela mara nyingi ni mtu wa kuja, kaletwa na ofisi au gesi au sementi, Mchaga, Mhaya, Msukuma, anasali kanisani, na wa kiwanja kidogo ni Mmakonde wa hapa hapa, Ijumaa yuko msikitini. Hakuna aliyetaja kabila wala dini, bei tu imeshatutenganisha.

Mji wenyewe ulianza hivyo. Waingereza walipokuja na mradi wao wa karanga mwaka 1947 wakajenga bandari na reli ya kwenda Nachingwea, wakapanga mji, wao Shangani kwenye upepo wa bahari, Mwafrika huku ndani. Karanga zikawashinda, 1951 mradi ukafa, reli ikang'olewa, lakini Shangani ni Shangani mpaka leo, we uliza bei.

Kuna wanaosema tuige Singapore. Wale tangu 1989 nyumba za serikali zina viwango, Wachina wasizidi kiasi fulani kwenye jengo, Wamalay na Wahindi vile vile, na kweli wamechanganyika, ila Mhindi akitaka kuuza flati yake na kiwango cha Wachina kimeshajaa basi Mchina hawezi kuinunua, wateja wanapungua na bei inashuka. Afu sisi tutahesabuje? Sensa yetu haijauliza kabila wala dini tangu 1967 na bora iwe hivyo hivyo, sitaki afisa ardhi aniulize kwetu wapi, madalali wanatosha. Ukitafuta chumba siku hizi swali la kwanza sio kodi ya miezi mingapi, ni we dini gani, eti mwenye nyumba hataki pombe, mwingine hataki kelele za adhana alfajiri (kana kwamba adhana inapangishwa).

Ninachoomba ni kuchanganya saizi. Kwenye kitalu kimoja viwepo vikubwa na vidogo, mtaa mmoja, mwenyekiti mmoja, shule moja. Maana ngoma ya unyago ikilia karibu na mitaa ya wakubwa mtu anapiga simu polisi, hajui hata ni nini kinaendelea, angekuwa jirani na mwenye mwali si angeshapeleka mchele wake na yeye kakaa kwenye mkeka anakula pilau.

Na mchoro uletwe mkutano wa mtaa kabla haujapitishwa, sio tuone bango tu limesimama. Hivyo vidogo navyo tulipie kidogo kidogo, deni limaliziwe msimu wa korosho, huku kwetu hela inaonekana kuanzia Oktoba.

Mpangaji, Mtwara