Mwanangu hakufukuzwa, mkataba wake umekwisha

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji wa hapa Mombasa aliyelalamika kuwa vijana wetu wanaokwenda ng'ambo kucheza mpira wa vikapu hurudi mikono mitupu na kuishia kukaa maskani. Hakutaja jina la mtu. Lakini mtaa wetu ni mdogo, na katika Majengo hii mchezaji aliyetoka Ulaya mwezi wa Mei, anayeonekana kila jioni akienda uwanjani na mpira kwapani, ni mmoja tu. Huyo nimemzaa mimi.

Sina ugomvi na aliyeandika. Barua yake nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nimeitandaza kando ya kibao cha kusukumia mahamri, na naona ameandika kwa uchungu wa mzazi. Ninachotaka ni kumweleza mwanangu anafanya kazi ya namna gani. Nawaeleza na wale wanaonisimamisha njiani nikienda kununua unga, wakaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwani kijana amefukuzwa?"

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Alikuwa akisaini meli miezi tisa, kumi. Mkataba ukiisha anateremka na sanduku lake la bati, anakaa nyumbani miezi mitatu minne, anakunywa kahawa barazani na wenzake huku akingojea meli nyingine. Kitabu chake cha ubaharia ninacho hadi leo, kimejaa mihuri ya bandari ambazo mimi sitazifika. Katika mji huu hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwuliza mamangu mumewe amekosa nini hata akashushwa melini. Watu wa bandari walijua mkataba umekwisha, basi.

Mchezaji wa vikapu ng'ambo naye ni hivyo hivyo. Anasaini msimu mmoja. Ligi nyingi za Ulaya huanza Septemba au Oktoba na kumalizika Aprili au Mei, labda Juni kwa wanaofika fainali. Siku ya mwisho anakabidhi nyumba, anarudisha funguo, na mshahara unakatika hapo hapo. Juni, Julai na Agosti haoni senti ya klabu. Anafanya mazoezi, anaomba Mungu, na simu haiachi mkononi. Mwanangu ana umri wa miaka ishirini na tisa na kila mwaka anaomba kazi upya kama aliyemaliza shule jana.

Tena yeye ni gadi. Mara ya kwanza aliposafiri, majirani waliposikia anakwenda kuwa gadi walidhani anakwenda kulinda milango Qatar kama vijana wengi wa hapa. Gadi ndiye anayeupokea mpira nyuma, akauleta mbele na kuwapangia wenzake. Ana sekunde nane za kuvuka nusu ya uwanja, na timu nzima ina sekunde ishirini na nne za kurusha kikapuni. Mambo hayo nimeyajua kwa sababu nilikuwa nikimhesabia. Alipokuwa kidato cha kwanza alijua kwamba mkono wake wa kushoto ni dhaifu. Akachukua leso yangu kuukuu, akaufunga mkono wa kulia kiunoni, akawa anaudundisha mpira uani kwa mkono mmoja kutoka ukutani hadi kwenye pipa la maji. Alfajiri mimi nasukuma mahamri, yeye anadunda, nami nahesabu moja mpaka nane kwa sauti. Jirani wa ukuta wa pili alikuja kulalamika zaidi ya mara moja, na alikuwa na haki. Miaka miwili baadaye ukimtazama hukuweza kujua mkono alioumbiwa ni upi.

Urefu wake ni futi sita na inchi moja. Hapa kwetu anaonekana mrefu, huko ni mfupi, na kwa gadi mgeni mlango ni mwembamba. Ligi nyingi za Ulaya zina kikomo cha wageni wanaoruhusiwa katika timu, na nafasi hizo mara nyingi klabu huzitumia kwa watu warefu wa chini ya kikapu, au kwa magadi wa Kimarekani. Anayeingia hapo kutoka Mombasa hawamsajili wamjaribu polepole. Kule mgeni njoo mwenyeji apone ni sharti la kazi. Mechi tatu mbaya, na wakala anaanza kupokea simu.

Alianza Rwanda, msimu mmoja mzuri sina la kusema. Kisha ikaja safari ya pili, na hii nataka wazazi waisome vizuri. Nchi siitaji wala klabu siitaji.

Mkataba ulikuja kwa WhatsApp, kurasa nne, usiku wa kuamkia Ijumaa. Yule aliyejiita wakala akasema usiposainiwa kabla ya adhuhuri nafasi inakwenda kwa mtu mwingine. Tulikaa watatu chini ya taa ya jikoni, mimi, yeye, na dadake aliyekuwa chuoni. Pale palipoandikwa mshahara tulipasoma mara tano. Palipoandikwa nyumba na tiketi tukapasoma mara mbili. Kwengineko tulipita kama upepo. Dadake akasema, "Mbona hapa hamna kitu kuhusu akiumia?" Nikamwambia asimtie nduguye nuksi. Maneno hayo niliyasema mimi, Mhariri, kwa mdomo wangu, na mpaka leo nikiyakumbuka hukaa chini.

Alicheza tangu Oktoba na mshahara alioupata ni wa mwezi mmoja. Wakamwambia fedha za wadhamini zimechelewa. Desemba alitua vibaya juu ya mguu wa mwenzake, kifundo cha kulia kikageuka na kuvimba kama embe. Daktari wa klabu alimwona mara moja. Nilimwona kwenye simu usiku huo: alifungua dirisha, akachota theluji kwa mkono, akaijaza ndani ya soksi, akaifunga fundo na kuiweka kifundoni. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Akaniambia, "Mama, ni baridi tu."

Alipopata klabu nyingine nchi ya jirani iliyokuwa tayari kumngoja apone, tukajifunza jambo la barua ya ruhusa. FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu, linataka mchezaji anayehama ligi ya nchi moja kwenda nyingine apewe barua hiyo na shirikisho la nchi anayotoka, nalo linaweza kumnyima ikiwa bado amefungwa na mkataba wa klabu ya nchi hiyo. Klabu ile ile iliyokuwa haimlipi ikajibu kwamba mkataba ni hai hadi Mei. Mshahara hawatoi, na kumwachia hawamwachii.

Baadaye sana mwalimu mmoja wa mchezo akatueleza kuwa kuna baraza la usuluhishi, FIBA ililianzisha mwaka 2007, makao yake Geneva, Uswisi, na kazi yake ni kesi kama hizi za wachezaji, walimu na mawakala wasiolipwa. Klabu ikihukumiwa ikakataa kulipa, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya, na hapo ndipo fedha zilizokuwa hazipo huonekana. Lakini baraza hilo halikusikilizi mpaka mkataba wenyewe uwe umesema kwamba mzozo ukizuka utapelekwa huko. Ni aya moja fupi. Katika zile kurasa zetu nne haikuwamo. Na hata ingekuwamo, kuna ada ya kufungua kesi isiyorudishwa, kwa hiyo mtu ajue mapema.

Alirudi Februari. Aliingia alfajiri kwa basi la Nairobi, mimi niko mbele ya karai. Akavua viatu mlangoni, akanawa mikono, akaketi kwenye kibao, akaanza kusukuma. Hatukusema kitu mpaka unga ulipokwisha.

Mwaka ule wote mtaa ulimwona akichechemea, na nadhani mazungumzo ya kushindwa yalianza pale. Walichokiona kilikuwa kweli. Sababu yake hawakuijua, na sisi hatukuisema, kwa aibu. Aibu ya nini? Kibarua wa bandarini akinyimwa mshahara husema hadharani na watu wote humpa haki yake.

Yeye mwenyewe hakuvunjika. Alikuwa akimsimulia dadake habari za Stephon Marbury, gadi wa Marekani aliyecheza NBA, ligi kuu ya kule, misimu kumi na mitatu, kwao wakamhesabu amekwisha. Mwaka 2010 akaenda China, na akiwa na klabu ya Beijing akatwaa ubingwa 2012, 2014 na 2015, hata wakamsimamishia sanamu. Mimi nilimwambia sanamu sitaki, nataka apone mguu. Akapona. Akawa anakwenda ukumbi wa Makande kuomba kufanya mazoezi na timu zinazomruhusu, na jioni uwanja wa saruji huku mtaani.

Safari hii ya tatu anachezea Ureno, daraja la pili, mji mdogo wa pwani. Wakala ni mwenye leseni ya FIBA. Orodha yao iko wazi kwenye tovuti yao, mtu yeyote anaweza kutazama jina kabla ya kusaini, na dadake ndiye aliyetazama. Asubuhi anafundisha watoto wa klabu, jioni mazoezi, Jumamosi mechi. Wakianza saa mbili usiku wakati wa baridi, hapa ni saa tano, nami huamka saa tisa na nusu kukanda unga, lakini silali mpaka filimbi ya mwisho. Nikitaka kupiga kelele najiziba mdomo kwa leso. Alinitumia picha ya ngome yao moja juu ya bahari, na kuta zake ukiziona utadhani umesimama Fort Jesus. Si ajabu, ni watu wale wale walioanza kuijenga yetu mwaka 1593.

Fedha anayopata haijengi ghorofa Nyali. Imemmalizia dadake chuo, imeninunulia friza na karai la pili. Wanaokuja kwangu na kadi za mchango wakidhani Ulaya ni bomba la maji, nawaomba wamhesabie miezi minane ya kazi na minne ya kungoja, kisha ndiyo waandike kiwango.

Na yule ndugu aliyeuliza Mombasa na Kenya zinapata nini kwa vijana hawa, nimkumbushe Februari 2021, Yaoundé, Kameruni. Kenya ilikuwa nyuma ya Angola, nchi iliyokuwa imekwisha kutwaa ubingwa wa Afrika mara kumi na moja. Sekunde za mwisho kabisa Tylor Ongwae akarusha, ikaingia, 74 kwa 73, na timu ya taifa ikarudi kwenye fainali za Afrika baada ya miaka 28. Ongwae wakati ule alikuwa akicheza Denmark. Pale nyumbani tulikuwa watu kumi na wawili mbele ya simu moja na mwanangu alilia. Nafurahi pia kwamba sasa kuna njia za karibu: mwaka 2025 Nairobi City Thunder imekuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza ligi ya Afrika, ile ya BAL. Gadi wa hapa akipata mkataba mzuri bila kuvuka bahari, mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni hili. Kijana akiondoka mnampiga picha uwanja wa ndege, mnaandika anapaa. Siku hiyo hiyo mwulizeni wakala wake ni nani, akiumia nani anamtibu, na ile aya ya Geneva imo au haimo. Wazazi watasoma, na wengine watapiga simu kabla ya adhuhuri ya Ijumaa yao. Akirudi Mei, andikeni mkataba umekwisha, kama mlivyokuwa mkiandika meli imetia nanga. Na kama kuna mawakili miongoni mwa wasomaji wenu wanaoweza kukaa Jumamosi moja kwa mwezi wakawasomea vijana karatasi hizi bure, mimi natoa baraza yangu na mahamri.

Karatasi za msimu ujao zimekuja wiki hii. Ni kurasa kumi na moja, na tunasoma ukurasa mmoja kila usiku, dadake akiwa na kalamu nyekundu. Anaondoka mwishoni mwa Agosti, Mungu akipenda. Mpaka hapo yuko uwanjani kila siku saa kumi na moja jioni na watoto wapatao ishirini, anawafundisha mkono wa kushoto. Namkaribisha ndugu yangu aliyeandika ile barua, aje na mwanawe ikiwa anaye. Avae raba tu. Leso nitaleta mimi.

Mama wa gadi,
Majengo, Mombasa