Mafundi, pimeni kwanza ndo mtuambie tununue nini

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hii tabia ya kubahatisha kwenye magari ya petroli, maana gari ikigoma kuwaka tu utaambiwa badilisha plagi (zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta), umebadilisha haiwaki, haya nunua koili (inayoipa plagi umeme mkali), bado, basi itakuwa pampu, na hela yote inatoka kwako mwenye gari, hakuna wa kukurudishia kwa kile kifaa ambacho kumbe kilikuwa kizima.

Jamani, kama stata inapiga vizuri na injini inazunguka ila haishiki, kitu cha kwanza ni kujua moto, yaani umeme wa cheche, unafika kwenye plagi au haufiki, na mafuta je? Yote yanapimika kabla hujanunua chochote. Fungulia swichi bila kupiga stata, gari nyingi za injekta (zinazopuliziwa mafuta kwa nozo) utasikia pampu inavuma kwenye tenki kama sekunde 2 hivi halafu inanyamaza. Kimya kabisa? Anza na fyuzi na relei (swichi ya umeme inayoiwasha pampu). Ila kuisikia sio ushahidi kwamba presha ipo, pampu iliyochoka itavuma vizuri tu na chujio likiziba ni hivo hivo, ndo maana kuna geji ya presha ya mafuta, na kipimo sahihi kinatoka kwenye kitabu cha gari husika sio kichwani mwa fundi.

Plagi mkizitoa ziangalieni kabla ya kuzitupa. Ikiwa imelowa petroli basi mafuta yanafika, tafuta upande wa moto, au mmepiga stata mpaka mafuta yamejaa. Ikiwa kavu kabisa na stata imepigwa sana, geukia mafuta. Masizi meusi makavu mara nyingi mafuta yanazidi hewa, nyeupe iliyoungua ni mafuta kidogo au joto limezidi. Kahawia au kijivu hivi iko sawa, iacheni.

Na ile ya kushika waya wa plagi kwa mkono eti tuone kama moto upo, acheni kabisa, koili inatoa volti 20,000 na zaidi na hapo hapo kuna mvuke wa petroli. Kifaa cha kupimia cheche kipo na ni kidogo tu.

Sasa mashine ya kusoma kodi, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, hapa ndo tunapigwa sana. Ikitoa P0301 imesema silinda ya 1 inamisi (mafuta hayaungui vizuri humo), basi, haijataja koili wala plagi. Kama kila plagi ina koili yake, hamisha koili ya silinda 1 iende ya 3 na ya 3 ije 1, futa kodi, washa, ikija P0303 hiyo koili ndo mbovu, ikibaki P0301 koili haina kosa, nenda kwenye plagi, nozo, au pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Hapo hakuna hata kilichonunuliwa.

Halafu kuna gari inazima injini ikishapata joto, ikipoa inawaka kama haikuwa na shida. Hii ipimeni ikiwa imegoma, sio kesho yake asubuhi! Mwambie mtu apige stata we uangalie mshale wa RPM, kwenye gari nyingi ukilala kwenye sifuri bila kutikisika sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta injini inazunguka) ni ya kushuku, lakini pampu nayo inaweza kufanya mchezo huo huo kwa hiyo sikilizeni na pampu hapo hapo.

Wenye magari na sisi, taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima huku gari inamisi tusiendelee kukanyaga, petroli isiyoungua inaenda kuunguzia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi huko kwenye ekzosi, na hiyo ni ghali kuliko koili.

Mhariri, mkiweza mtafuteni fundi umeme wa magari awaeleze wasomaji upande wa waya na sensa, mi nimegusa juu juu tu.

Msomaji wenu