Mwanangu, hii ni kuhusu dogo wako

Dar, Oktoba 2022

Mwanangu mambo vipi huko Tunduma, shemeji na mtoto hawajambo? Samahani nimekaa kimya sana, hata leo nilitaka kupiga nikajua nikipiga tutaanza stori za mpira afu nitakata simu bila kusema, bora niandike.

Ni dogo. Juzi nimemuona Mburahati saa nne usiku, wako saba au nane, na mmoja wao kavaa koti refu na joto lote hili la Dar, na mimi najua koti la hivyo linafichaga nini. Dogo aliponiona akageuza uso. Mwezi uliopita tu jiji zima lilikuwa linasema Panya Road, yale makundi ya vijana wa mapanga, wamerudi, watu wanafuatwa na mapanga mpaka ndani kwao, kwa iyo mimi sisubiri nipate uhakika.

Kuna vitu sijawahi kukwambia. We uliondoka 2013 ukaenda kwa mjomba, ukaja kusikia tu nimefungwa, na bi mkubwa wako mpaka leo anaambia watu kwamba mimi nilisombwa bure kwenye ule msako wa baada ya Januari 2, 2015, ile Ijumaa watu walifunga maduka kabla ya muda na polisi wakazoa vijana mamia. Sijawahi kumkatalia mama, maana ilikuwa inanipa raha kwamba kuna mtu mmoja anaamini hivyo. Ila sio kweli. Nilikuwa na hao Panya Road tangu 2014 na panga nilikuwa nashika.

Watu wanasema njaa, kwetu ugali ulikuwepo mwanangu. Nilichokuwa napenda ni kutembea watu ishirini katikati ya barabara, mibaba mizima inaingia ndani inafunga geti kwa ajili yetu. Nilikuwa na miaka 19 na hakuna mtu alikuwa ananipisha njia kabla ya hapo.

Novemba 2014 Kigogo tulimkuta mama mmoja muuza vitumbua anatoka kwenye kikoba, ana hela za wenzie, ndo maana mkoba hakuuachia. Wenzangu walishaanza kukimbia, ningeweza kukimbia na mimi. Nikampiga panga la mkono. Simu yake niliuza elfu thelathini tukanunua chipsi kuku.

Nilivyokamatwa nikasomewa unyang'anyi wa kutumia silaha, hiyo haina dhamana na ukikutwa na hatia haipungui miaka 30. Miaka miwili na kitu napanda karandinga naenda mahakamani, upelelezi haujakamilika, narudi. Mwisho shitaka likabadilishwa likawa kujeruhi, nikala mvua tano. Ila siku ninayoikumbuka ni ile yule mama alikuja kutoa ushahidi, akaambiwa aonyeshe mkono, akaunyanyua, vidole viwili vimejikunja havinyooki, akawa anajaribu kuvinyoosha na mkono wa pili ili hakimu aone vizuri. Mimi niko kizimbani nimeangalia chini. Hakunitukana hata.

Jela siwezi kukuhadithia yote. Mnalala ubavu, mmoja akitaka kugeuka wote mnageuka. Kilichonisaidia ni mzee mmoja wa karakana, yeye ndo alikuwa na ile 30 yenyewe. Miezi ya mwanzo hakunipa hata nyundo, kazi yangu msasa tu, nasugua ubao nampelekea anapitisha kidole ananirudishia, rudia, nilimchukia yule mzee nilitaka kumpiga, ila ikafika siku akapitisha kidole akaniambia sawa, basi usiku ule sikulala, nilikuwa sijawahi kuambiwa sawa kwa kitu nilichofanya na mikono yangu. Disemba 9, 2019 Rais akatoa msamaha kwa wafungwa 5,533, jina langu halikusomwa na la mzee halikusomwa, asubuhi yake tukaenda tukapiga randa kama kawaida. Mimi nilitoka Agosti 2020 baada ya kupunguziwa theluthi. Yeye bado yuko ndani.

Sasa hivi niko Keko kwa mafundi fanicha, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mwaka jana nilimfuata yule mama. Nilienda na mjumbe ili asiogope. Nikamwomba msamaha, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Nimekusikia. Vitumbua siku hizi anageuza binti yangu, shule aliacha. Usije tena hapa." Basi nikaondoka na sijarudi. Nilitaka kumtengenezea meza, nikaona hapana, hiyo meza ingekuwa ya kunituliza mimi na yeye kashasema nisije.

Ndo maana nakuomba. Dogo anakusikiliza we, maana we ndo unamtumia hela. Usimfokee, ukimfokea atazima simu atabaki na wale. Mwambie tu kaka yako wa Keko ana kazi anakuhitaji. Na bi mkubwa wako naenda kumuona Jumapili nimwambie ukweli wangu wote kabla sijamwambia habari ya mwanae, atalia najua, pengine hatanifungulia mlango tena, ila nikimficha hilo hataniamini kuhusu dogo.

Jumatatu tunaanza oda ya vitanda vya dabodeka arobaini na sina mtu wa msasa. Aje saa moja asubuhi, nauli yake na chai juu yangu. Na asivae ndala kuna misumari.

Ukishasoma nibipu nitakupigia, hata iwe usiku.

Ni mimi wa Mburahati.