Mwenye betri ndiye aamue video icheze au isicheze

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nichangie hoja ninayoisikia karibu kila siku kibandani kwangu, ambako nauza vocha, natengeneza simu na kuchaji za watu wa kijiji chetu, kijiji ambacho nguzo za umeme zimekifikia lakini nyumba nyingi bado hazijaunganishwa. Hoja yenyewe ni kwamba simu janja iliyo nzuri ni ile inayofungua kila kitu kilichomo kwenye wavuti, iwe video, michezo au matangazo yanayochezacheza, na kwamba simu inayokataa chochote kati ya hivyo ni mbovu au ni feki. Mimi naona swali la kuuliza kwanza si kama simu inaweza, bali ni chaji ya nani inayotumika, na kama mwenyewe ameulizwa.

Mabishano haya si mapya. Wasomaji waliopitia vibanda vya intaneti watakumbuka Flash, teknolojia ya kampuni ya Adobe ambayo wakati ule ilibeba sehemu kubwa ya video na michezo ya kwenye tovuti. iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuwa nayo, iPad ya mwaka 2010 nayo haikuwa nayo, na wengi waliona huo ni upungufu wa aibu kwa vifaa vya bei ile. Tarehe 29 Aprili 2010 Steve Jobs, mkuu wa Apple, kampuni inayotengeneza vifaa hivyo, alijibu kwa barua ya wazi, na miongoni mwa sababu alizotoa ilikuwamo ya betri: kwamba video iliyobanwa kwa mfumo uitwao H.264 ingeweza kucheza kwenye iPhone hadi saa 10, ilhali video inayosimbuliwa (yaani kufunguliwa ili ionekane) kwa programu tupu ingemaliza betri kabla ya saa 5.

Tofauti hiyo inaeleweka kwa urahisi kwa yeyote mwenye televisheni. Ndani ya chipu ya simu mna sehemu ndogo inayofanya kazi kama king'amuzi: imeundwa kusimbua aina fulani za video tu, na kwa kuwa haijui kazi nyingine, huifanya kwa umeme kidogo mno. Video isiyo na king'amuzi chake hubebwa na prosesa kuu, ambayo huweza kazi yoyote lakini kwa jasho jingi, na jasho hilo ndilo joto unalolisikia mgongoni mwa simu. Video nyingi za Flash za enzi hizo zilikuwa za mifumo ya zamani ambayo simu haikuwa na king'amuzi chake.

Simfanyi Jobs mtakatifu. Kampuni yake ilikuwa na duka lake la programu, na mchezo unaochezwa bure kwenye kivinjari ni mchezo usiouzwa dukani humo. Hata hivyo historia ilimwelekea yeye. Android 2.2 iliikaribisha Flash mwaka huohuo wa 2010, lakini Novemba 2011 Adobe ilitangaza kuacha kuiendeleza kwa ajili ya simu, Agosti 2012 ikaondolewa kwenye duka la Google Play, na tarehe 31 Desemba 2020 ikafikia mwisho hata kwenye kompyuta.

Lakini kuna jambo la Android ya wakati ule ambalo limesahaulika, nami naliona lilikuwa na busara kuliko msimamo wa Jobs na wa wapinzani wake. Katika mipangilio ya kivinjari mtumiaji aliweza kuchagua Flash ifunguke yenyewe, isifunguke kabisa, au ifunguke anapoigusa. Ukichagua hili la tatu, mahali pa video palionekana mshale tu, na mpaka uuguse hapakuwa na kilichotumika. Simu iliweza, lakini ilisubiri amri.

Leo amri hiyo haisubiriwi. Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza mchele aliniachia simu asubuhi, nikaijaza, akaichukua adhuhuri baada ya kulipa mia tano yake, na kabla ya magharibi akarudi amekunja uso. "Fundi, hii uliichaji au uliiangalia tu?" Nilipoifungua mbele yake nilikuta kivinjari kiko kwenye ukurasa wa bei za mazao, ambao alikuwa ameuacha wazi mchana kutwa akibishana na wanunuzi na kuigusa skrini kila ilipotaka kuzima. Pembeni mwa ukurasa huo, ndani ya kisanduku kisichozidi kidole gumba, tangazo la kubeti lilikuwa likicheza mpaka mwisho na kuanza upya, bila sauti, na simu ilikuwa ya moto. Skrini nayo ilikula sehemu yake, sikatai. Mama huyo hakujua hata kwamba kulikuwa na video.

Niutendee haki upande wa pili. Mwaka 2016, vivinjari vya Safari ya iPhone na Chrome ya Android viliporuhusu video zisizo na sauti zijiwashe zenyewe, sababu haikuwa kuwafurahisha wenye matangazo peke yao. Watengenezaji wa tovuti walikuwa wameshapata njia ya panya, wakitumia picha za GIF zinazochezacheza, ambazo ni nzito kuliko video ya kawaida na hazipiti kwenye king'amuzi. Kwa hiyo simu ikikataa tu, bila kuacha mlango wa halali, mzigo huingilia dirishani na huwa mkubwa zaidi.

Na kwetu sisi kuna mtihani mwingine ambao sidhani kama walio na soketi kila ukuta wanausikia. Mifumo mipya ya kubana video kama AV1, iliyotolewa mwaka 2018, huibana video ikawa ndogo kuliko ya H.264 kwa ubora uleule, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa mnunuzi wa bando. Lakini simu nyingi za bei ya chini hazina king'amuzi cha AV1, na hata iPhone ilikipata mwaka 2023 tu, katika toleo la 15 Pro. Mwenye simu isiyonacho anaweza kuokoa bando na papo hapo akaimaliza chaji, na ipi kati ya hizo mbili imemwadimikia siku hiyo anajua yeye, wala si tovuti. Betri nyingi ninazofungua sasa ni za 5,000 mAh, zaidi ya mara tatu ya ile ya iPhone ya kwanza, lakini foleni kibandani kwangu haijapungua.

Kwa hiyo sipingi simu kuwezeshwa kucheza kila aina ya video. Ninachopinga ni uwezo huo kukabidhiwa tovuti badala ya mwenye simu. Mpangilio wa kuzuia video zisijiwashe upo katika vivinjari na programu kadhaa, ila umefichwa ndani ya menyu ambazo mteja wangu hatazifikia, na mara nyingi mimi ndiye ninayemtafutia, bila malipo. Ingefaa simu itoke dukani ikiwa imezuia tayari, na anayetaka video zijiwashe ndiye ahangaike kuutafuta mpangilio huo.

Namalizia kwa ombi kwako wewe mwenyewe, Mhariri. Tovuti ya gazeti lako nayo huwasha video juu ya ukurasa hata kwa msomaji aliyekuja kusoma matokeo ya mechi kwa dakika mbili. Tuwekeeni picha tuli yenye mshale, na chini yake mwandike video ni ya dakika ngapi na MB ngapi, nasi tutaigusa wenyewe tukiitaka.

Fundi simu,
Kilosa, Morogoro.