Kompyuta kuu si wingi wa prosesa

Mhariri,

Habari za kompyuta kuu, yaani mashine nyingi zilizounganishwa kufanya hesabu nzito, huandikwa kwa kuhesabu prosesa (vichipu vinavyofanya hesabu), kana kwamba wingi ndio kazi. Sivyo. Programu ambayo asilimia 5 ya hesabu zake lazima zifuatane moja baada ya nyingine haitaongezeka kasi zaidi ya mara 20, hata ipewe prosesa 10,000.

Chukua utabiri wa hali ya hewa. Ukipunguza upana wa miraba ya ramani kutoka kilomita 10 hadi 5, miraba inakuwa mara nne, na hatua za muda nazo lazima zikatwe nusu, la sivyo hesabu zinavurugika. Kazi imeshakuwa mara nane! Hapo ndipo kituo cha kompyuta kuu kinapohitajika: mashine zilizounganishwa kwa nyaya za kasi ya pekee, diski za pamoja, foleni ya kazi na mafundi wanaoielewa.

Ranger, kompyuta kuu ya Texas, Marekani, ilipozimwa mwaka 2013, baadhi ya makabati yake ya mashine yalipelekwa Afrika Kusini, Botswana na Tanzania. Jambo jema, ila mitambo mikongwe hula umeme na hudai ubaridi usiku na mchana. Bajeti ianzie hapo.

Watafiti nao hujiponza. Mtu anaomba saa 24 za kutumia mashine, kazi inahitaji 26. Mfumo unaikata, na kama hakuhifadhi hali ya hesabu njiani, anaanza upya. Kuhifadhi kila dakika nako husonga diski za wote. Kila saa moja au mbili hutosha kwa kazi nyingi.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam